Usimpake Mtoto wa Paka Dawa ya Ng'ombe

Hotuba kwa wakazi wa mtaa mmoja wa Ngamiani, Tanga. Imeandikwa kama ilivyosemwa, ila nimepunguza pale niliporudia maneno.

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, shekhe wetu, mama mchungaji, wazee wangu, mama zangu, na nyie watoto mliokaa mkekani hapa mbele. Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee, shikamooni.

Mimi wa ofisi ya mifugo ya kata nimeombwa niseme juu ya viroboto na vidonda vya watoto wa paka. Shekhe katika ufunguzi wake ametukumbusha habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha wala hakumwachia akajitafutie vijidudu vya ardhini, mpaka paka akafa. Na ametukumbusha kwamba paka si najisi, ni katika wale wanaotuzunguka majumbani mwetu. Nashukuru, maana imenipunguzia kazi. Sihitaji tena kuwashawishi kwamba kipaka mwenye vidonda anastahili kuhangaikiwa. Nyie mnawahangaikia tayari, na hapo ndipo penye shida inayoniumiza roho. Vitoto ninaoletewa wakiwa wanatetemeka na kutoa mate hawakutupwa jalalani. Wametoka kwa watu wanaowapenda, waliowapaka dawa wakitaka wapone.

Na dawa yenyewe ni ipi? Mji wetu huu ni mji wa maziwa. Kuanzia Pongwe mpaka Muheza kuna ng'ombe wa maziwa, na hata hapa mjini, ukikosa ng'ombe wewe, jirani yako anaye au shemeji yako anaye. Kwa hiyo dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe haikosekani mtaani. Mama anaona kipaka anajikuna, anaomba kifuniko kimoja kwa jirani, anachanganya na maji, anamwogesha. Nia safi kabisa. Jioni kipaka anaanza kucheza masikio, miguu inamkataa, usiku anapata degedege, alfajiri amekufa. Kisha watu wanasema viroboto walikuwa wamemmaliza.

Sikilizeni. Dawa nyingi za kupe zina permethrini, saipamethrini na ndugu zao. Kwenye kopo majina yao huishia na herufi t-h-r-i-n. Nyingine zina amitrazi. Ini la ng'ombe huivunja permethrini, na la mbwa pia. Ini la paka halina uwezo huo wa kutosha, kwa hiyo sumu inabaki mwilini ikishambulia mishipa ya fahamu. Juu ya hayo, paka hujilamba mwili mzima. Unachompaka mgongoni, saa hiyo hiyo kiko tumboni. Dawa ya mbwa ni hivyo hivyo: msiugawe mrija wa dawa ya viroboto ya mbwa, ile ya tone la shingoni, mkadhani nusu yake ni kipimo cha paka.

Na nyumba zetu zina mengine. Mafuta ya taa yanaunguza ngozi, na mvuke wake unaunguza mapafu. Zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe zikimiminwa majini, ambazo twasafishia choo na wengine twaogea, ni sumu kwa paka. Mafuta ya karafuu na mafuta ya mwarobaini, ambayo sisi watu wa pwani twayaamini, msimpake. Najua mwarobaini ni mti wa heshima hapa, na sisemi neno baya juu yake kwa binadamu, ila mwili wa paka ni mwingine. Na kidonge cha homa, paracetamol, jamani! Kidonge kimoja chatosha kumuua paka mzima, sembuse kitoto. Asipewe hata robo.

Ikiwa ameshapakwa na anatetemeka, mwogeshe upesi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, umsuuze, umkaushe, umfunike apate joto, kisha mbio kwa daktari wa mifugo ukiwa na kopo la dawa mkononi. Maziwa msimnyweshe kwa nguvu, wala madafu. Mnyama mwenye degedege hawezi kumeza sawasawa; yataingia kwenye mapafu.

Sasa mtaniuliza: kama kiroboto ni mdogo hivyo, kwa nini tusimwache kipaka mpaka akue? Hapana. Nataka tufanye hesabu kidogo, na watoto mnisaidie.

Kitoto wa wiki 4 ana uzito wa gramu 400 hivi. Damu yote iliyomo mwilini mwake ni kama mililita 25, yaani vijiko 5 vya chai. Hiyo ndiyo damu yote aliyonayo duniani. Kiroboto jike akikaa vizuri hunywa damu inayozidi uzito wake mwenyewe mara nyingi. Majike 70 hivi kwa siku moja humaliza mililita 1. Na majike 70 kwenye kitoto aliyezaliwa chini ya uvungu wenye mchanga si jambo la ajabu. Wiki moja ya hali hiyo, mwili wake mdogo ukishindwa kutengeneza damu nyingine kwa kasi hiyo, anabaki hana nguvu hata ya kunyonya.

Kwa hiyo kabla ya kugusa manyoya, mfunue mdomo. Tazama ufizi. Ukiwa wa waridi, una muda, unaweza kumshughulikia nyumbani. Ukiwa mweupe au wa kijivu, kipaka amepoa mwili na amelegea, hiyo ni dharura ya leo hii, si ya kesho baada ya soko. Mpake asali kidogo au maji ya sukari kwenye ufizi, mweke karibu na chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kanga, umpeleke.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Kifaa nikipendacho kuliko vyote ni chanuo la chawa, lile la meno yaliyobanana, ambalo hata sokoni Mgandini unalipata. Hilo halina sumu, halichagui umri. Chukua bakuli la maji, tia matone mawili ya sabuni ya vyombo. Sabuni ina kazi yake: kwenye maji matupu kiroboto huelea na kuruka akaenda zake, kwenye maji ya sabuni huzama. Mkalishe kipaka juu ya kitambaa cheupe kilicholowanishwa. Anza nyuma ya masikio, ushuke shingoni, kidevuni, makwapani, tumboni, umalizie pale mkia unapoanzia, maana hapo ndipo wanapojaa. Kila mpito mmoja, chovya chanuo kwenye bakuli. Na tazama zile chembe nyeusi zinazodondoka kwenye kitambaa. Zikitulia kidogo katika ule unyevu, zinatoa rangi nyekundu ya kutu. Ni mavi ya kiroboto, na hiyo rangi ni damu ya kipaka wako. Ukiona hivyo, hata kama hujaona kiroboto hata mmoja akitembea, wapo. Fanya hivi kila siku, asubuhi na jioni ukiweza, mpaka kitambaa kibaki cheupe siku kadhaa mfululizo.

Kumwogesha kunafaa, lakini kwa aliyetimiza wiki 4 na mwenye nguvu. Chini ya hapo mwili wake hauwezi kujipa joto wenyewe, na baridi itamuua kabla ya viroboto. Huyo achanuliwe tu na kupanguswa kwa kitambaa chenye uvuguvugu. Wakati wa kuogesha ni saa tano au saa sita mchana, si magharibi upepo ukianza. Maji yapime kwa kiwiko, kama unavyompimia mtoto wako mchanga. Tangulia kumzungushia povu shingoni, pete nzima, ndipo uloweshe mwili. Ukianzia mgongoni, viroboto wote hukimbilia kichwani, wakaingia masikioni na machoni. Usimzamishe kichwa, uso mpanguse. Dakika 5 zatosha. Msuuze vizuri, mkaushe kwa kanga kavu mpaka manyoya yasimame, kisha mrudishe kwa mama yake anyonye, au mlishe.

Na huyo mama yake je? Mnamchanua mtoto, mnamrudisha kwenye ziwa la mama mwenye viroboto 100. Lazima mama ashughulikiwe siku hiyo hiyo, na paka wengine wote wa nyumba, na mbwa kama yupo.

Sasa hapa naomba tutulie, maana ndipo watu wengi wanapopotea.

Viroboto unaowaona juu ya paka ni sehemu ndogo. Kwa makadirio ya wataalamu, katika kila 100 waliomo nyumbani mwako, 5 tu ndio wazima walioko juu ya mnyama. Wengine 95 ni mayai, mabuu na waliojifungia kwenye vifuko vyao, na hao hawako juu ya paka kabisa. Jike mmoja hutaga mayai mpaka 40 au 50 kwa siku, meupe, hayafiki hata milimita 1. Hayanati kwenye manyoya. Paka akijinyoosha yanadondoka. Yanadondokea mkekani, kwenye godoro, uvunguni, kwenye nyufa za sakafu, kwenye mchanga wa uani chini ya kitanda cha kamba. Buu likianguliwa linakimbia mwanga, linashuka chini zaidi, linakula yale mavi yenye damu yaliyodondoka pamoja nalo. Kisha linajifungia ndani ya kifuko chenye ute unaonata, kikajipaka vumbi na mchanga, hata ukikitazama hukioni. Katika joto letu na unyevu huu wa pwani, kutoka yai mpaka kiroboto anayeruka ni wiki 2 au 3 tu. Na kama hakuna wa kumuuma, anaweza kubaki ndani ya kifuko kwa miezi kadhaa, akisubiri mtikisiko wa nyayo, joto la mwili na pumzi. Ndiyo maana mkifunga nyumba mkaenda kula sikukuu Pangani, mkirudi mnaumwa miguuni siku ya kwanza tu, na paka mwenyewe hata hayupo.

Kile kifuko dawa haipenyi. Mtu anapuliza dawa leo, viroboto wanapungua. Baada ya siku 10 wanatoka wapya kwenye vifuko, anasema dawa imeshindwa, ananunua kali zaidi. Wanatoka tena, anazidisha kipimo. Safari ya tatu anampaka kipaka dawa ambayo imeandikwa kwa ng'ombe wa kilo 300. Dawa ya kwanza haikushindwa. Ilikuwa ni watoto wa viroboto waliokuwa sakafuni kabla hajaanza.

Kazi ya nyumba ndiyo inayomponya kipaka. Kipaka mpe kitambaa kimoja cha kulalia kinachofulika, kifueni kwa maji ya moto kila baada ya siku 2 au 3. Mikeka na magodoro toeni juani, mgeuze pande zote; buu linahitaji giza na unyevu, jua letu la saa saba linalimaliza. Fagieni uvunguni na kwenye pembe kila siku, na taka zake zichomwe au zifukiwe mbali, zisirundikwe nyuma ya mlango. Mchanga wa uani pale anapolala uchoteni umwagwe juani. Fanyeni mfululizo kwa muda usiopungua mwezi, hata baada ya kuona wameisha. Wakati wa masika msitegemee jua, zidisheni maji ya moto na ufagio. Mkipuliza dawa ya wadudu ndani ya nyumba, paka wote watoke mpaka pakauke kabisa na hewa ipite. Na chandarua cha zamani chenye dawa msikifanye tandiko la kipaka.

Nigusie jambo moja la mkoa wetu. Wazee mnakumbuka tauni ya Lushoto iliyozuka mwaka 1980 na kurudi rudi miaka iliyofuata. Ile ililetwa na viroboto wa panya. Kiroboto tunayemkuta kwa paka wa hapa mjini ni wa aina nyingine kwa kawaida, sitaki mtoke hapa mkiwafukuza paka. Lakini paka anayewinda panya anaweza kubeba viroboto wa panya, na ndugu zetu wa milimani wakiona panya wanakufa ovyo watoe taarifa, wasiwaguse.

Vidonda sasa. Mama mmoja aliniuliza hapo nje, "Dawa ya vidonda vya paka ni ipi?" Mama yangu, swali lako zuri, ila vidonda si ugonjwa mmoja. Mahali kilipo kidonda panakuambia mengi.

Vipele vidogo vyenye vigaga mgongoni kuelekea mkiani na shingoni, manyoya yamepukutika kwa kujikuna, huyo ni viroboto. Ukiondoa viroboto na ukasafisha, vinakauka vyenyewe.

Kikianza kwenye kingo za masikio, kigaga kizito cha kijivu, kikaenda usoni na kwenye kope mpaka kipaka anaonekana mzee, huo ni upele wa paka. Unaletwa na mdudu asiyeonekana kwa macho anayechimba ngozi. Huu ndio unaowafanya watu wachukue sindano ya ivermektini ya ng'ombe. Tufanye hesabu tena. Ile chupa ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa kila mililita. Kitoto wa gramu 400, kipimo ambacho daktari angempa hakifiki mililita 0.01. Tone moja la sindano ni kama mililita 0.05. Yaani tone moja tu ni zaidi ya mara 5 ya kipimo, na hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuligawa. Upele unatibika vizuri sana, nimeona paka waliokuwa hawafumbui macho wakarudi kuwa na manyoya mazuri; lakini kwa dawa ya kipimo chake, kwa daktari.

Duara lisilo na manyoya, lina magamba, haliwashi sana, na mtoto wako naye ana duara mkononi: hiyo ni choa. Inaambukiza watu, na watoto ndio wa kwanza. Matibabu ni ya wiki nyingi, kwa kipaka na kwa mtoto, na vimelea vyake hukaa kwenye vitambaa na vumbi zaidi ya mwaka. Krimu zile za kuondoa muwasho na kung'arisha ngozi msipake. Zinaificha choa kwa siku mbili tatu na kuiacha ienee.

Uvimbe wa moto wenye maumivu, hasa akiwa ameumwa na dume, ni jipu, lapasuliwa na mtaalamu. Uvimbe wenye tundu dogo katikati, na ndani kitu kinacheza, ni buu la nzi. Usiliminye, likipasukia ndani linaleta balaa. Na kidonda chochote kilicho wazi nzi wakikipata, kwa joto hili kesho yake mna funza. Kipaka mwenye kidonda alale ndani.

Kusafisha ni rahisi kuliko mnavyodhani. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko 1 cha chai cha chumvi, acha yapoe. Punguza manyoya yanayozunguka kidonda kwa mkasi wenye ncha butu. Lowesha pamba, ikalishe juu ya kigaga mpaka kilainike chenyewe, usikibandue kikavu. Futa usaha kuelekea nje, pamba moja mara moja, kisha itupe. Kausha kwa kugusagusa. Mara 2 kwa siku. Spiriti hapana, majivu hapana, na ule mtindo wa kufungua kapsuli na kumwagia unga wake kidondani tuuache: unafanya ukoko juu, usaha unabaki chini. Akikilamba sana, mkatie kola ya karatasi ya boksi, ilegee kiasi cha vidole viwili kupita. Nawa mikono kwa sabuni kila unapomaliza. Na akikuuma mpaka damu itoke, osha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, uende hospitali ya Bombo au kituo cha karibu ukaeleze, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Nao paka wachanjwe wakifika miezi 3.

Dawa za viroboto za paka zipo, sikatai. Zile za tone la shingoni nyingi huanzia wiki 8, chache wiki 6. Iko fipronili ya kupuliza ambayo yaweza kutumika hata kwa mchanga wa siku 2, lakini hiyo ipulizwe na mtaalamu. Kila moja inataka umri na uzito. Uzito ni rahisi: mwombe mwenye duka la nafaka akupimie kipaka ndani ya bakuli. Viroboto wakiisha, apewe dawa ya minyoo pia, kwa sababu akijilamba anameza viroboto na ndani yao mna tegu. Vipande vinavyofanana na punje za mchele karibu na mkundu wake ndivyo hivyo. Dawa yake ni prazikwanteli, ile ile wanayopewa wanafunzi kwa kichocho, ila tembe ya mwanafunzi msimkatie, muulizeni daktari.

Ofisi ya mifugo ya kata iko wazi siku za kazi. Mkija, njooni na kopo au karatasi ya dawa yoyote mliyokwisha kutumia, hata kama mnaona aibu. Sitamgombeza mtu. Nikijua alichopakwa naweza kumsaidia, nisipojua nabahatisha.

Nimeona kuna waliokuja na vikapu. Wafunueni vipaka midomo sasa hivi hapo mlipo, mtazame ufizi. Mwenye kitoto ambaye ufizi ni mweupe aje mbele kwanza, hata kama amechelewa kufika. Wengine mpange mstari upande wa kivulini, na watoto wawili wanisaidie kuleta maji ya uvuguvugu.